Mkanda wa taimingi wa Hiace: gereji ya Nyakato inayozungusha injini kwa mkono kabla ya kupiga stata

Mwenye haraka asome aya hii tu: kama una Hiace, Hilux au Prado ya dizeli hapa Mwanza, injini yake ni ya mkanda wa taimingi, na hujui mkanda uliomo ndani ulifungwa mwaka gani, peleka ubadilishwe sasa, gari likiwa bado linatembea. Na kama uko upande wa Nyakato, Buzuruga au Igoma, ipo gereji ambayo ningemwelekeza hata ndugu yangu. Nimelipa kwa pesa yangu na fundi hajui kama naandika.

Gari langu ni Hiace ile ya zamani, injini 5L ya dizeli, karibu lita 3. Linabeba dagaa. Nanunua Mwaloni pale Kirumba, nasambaza Geita hadi Katoro kwa upande mmoja, Magu hadi Lamadi kwa upande mwingine. Likisimama barabarani mvua ikinyesha, magunia yanavuta unyevu, na dagaa wakishaanza kunuka hakuna mteja wa kumbembeleza. Ndiyo maana nalifuatilia gari hili kuliko wengi wanavyomtarajia mama wa dagaa alifuatilie.

Mkanda ninaousema si ile ya nje inayozungusha feni na altaneta, ambayo ukiinua siti ya mbele unaiona. Huu umefichwa nyuma ya kava, mbele kabisa ya injini, nao una meno. Unashika kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), kemshafti (mhimili unaofungua valvu, yaani milango ya hewa na moshi) na pampu ya nozeli inayosukuma dizeli ndani ya injini, ili vyote viende kwa hesabu moja: kranki ikizunguka mara mbili, kemshafti na pampu zinazunguka mara moja. Ukiruka jino, gari linakosa nguvu, linatoa moshi, linasumbua kuwaka. Ukikatika, kemshafti inasimama na baadhi ya valvu zinabaki zimefunguka wakati pistoni bado zinapanda. Dizeli inabana hewa sana, kwa hiyo pistoni ikifika juu nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Vinagongana. Valvu zinapinda, hedi inashushwa, na bahati ikiwa mbaya pistoni nazo zinaharibika.

Mwenzangu tunayepakana vibanda Mwaloni ulimkatikia akitokea Misungwi, hajafika Usagara, gari limejaa. Hakusikia mlio wowote wa kumwonya. Injini ilizima tu, na dereva wake alipopiga stata ikazunguka nyepesi, haina pumzi. Hiyo ndiyo dalili yake. Hedi, valvu, gasketi na ufundi vilimla zaidi ya milioni mbili, ukiacha gharama ya kuvutwa na gari la kukodi la kuhamishia mzigo. Nilimsaidia kupakua magunia jioni ile, na kesho yake nikaanza kuulizia fundi.

Nilizunguka kwa mafundi kadhaa kabla ya huyu wa Nyakato. Sitawataja, kwa sababu nia yangu si kumharibia mtu riziki, lakini majibu yao nayaweka hapa maana na wewe utakutana nayo. Mmoja alisikiliza injini akasema inaunguruma vizuri, nisubiri mpaka mkanda uanze kusumbua. Jamani, mkanda wa taimingi hausumbui kwanza. Mpira wake una nyuzi za kioo ndani, na nyuzi hizo zinaweza kuwa zimechoka huku mgongo wa mkanda unang'aa. Mwingine aliniambia anao mkanda uliotoka kwenye injini iliyoshushwa kutoka Japani, nitaupata kwa nusu bei. Nilimshukuru nikaondoka. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa kimya kwenye kontena, na yeye mwenyewe hakuweza kuniambia una umri gani. Kwa kitu kama taa ya nyuma au kioo cha pembeni, mtumba naununua bila wasiwasi wowote. Kwa mkanda huu, hapana.

Gereji yenyewe haina bango. Ni uwanja wa udongo ndani kidogo kutoka barabara kuu iendayo Musoma, una bati la kivuli upande mmoja na Hiace na Hilux zimepangwa upande wa pili. Fundi mkuu ni mtu wa makamo, mpole, anaamkia kila anayeingia. "Mwangaluka mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, mayu yaani mama, na kabla hajagusa chochote akauliza mkanda uliopo ni wa lini. Nikamjibu kwamba aliyeniuzia alisema ulishabadilishwa, lakini hana karatasi.

"Basi tumuulize Mjapani," akasema. Akawasha tochi, akainua siti, akaanza kupangusa vumbi kwa kitambaa. Nyuma ya mabomba, kwenye kava, kulikuwa na kibandiko kilichofubaa chenye maandishi ya Kijapani na namba. Magari mengi yanayotoka Japani yana kibandiko cha namna hii, wanakibandika wanapobadilisha mkanda, wanaandika tarehe na kilomita. Nimelimiliki gari hili kwa miaka, limeoshwa na wavulana wa kila namna, na hakuna aliyewahi kunionyesha. Kiliandikwa H20.5, na kilomita 98,400.

Hapo ndipo alipoanza kunifurahisha. Alinieleza kwamba Wajapani mara nyingi huandika mwaka kwa kufuata utawala wa mfalme wao. H ni Heisei, iliyoanza mwaka 1989. Unachukua namba inayofuata baada ya H, unajumlisha na 1988. H20 ni 2008, na hiyo 5 ni mwezi wa tano. Nenda kakague na lako leo jioni, kwa sababu wengi wetu tunatembea na jibu ndani ya gari huku tunamsumbua dalali.

Kwa kilomita zinazosomeka sasa, mkanda ulikuwa umetembea 83,000 hivi. Dizeli hizi za Toyota zina taa kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT, inawaka kilomita laki moja zikitimia kukukumbusha. Ya kwangu haikuwa imewaka, na dereva wangu akaitumia hiyo kama hoja: "Mama, bado tuna kilomita elfu kumi na kitu." Fundi hakumbishia kwa ukali. Alimwambia taa ile inahesabu kilomita, haihesabu miaka, na mpira huu una miaka zaidi ya 15. Tena taa inaweza kuzimwa kwa bisibisi na mtu anayetaka kuuza gari, au balbu ikatolewa kabisa, au kilomita zenyewe zikarudishwa nyuma. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, taa za dashibodi zinatakiwa kuwaka zote kwa muda. Ya T-BELT isipoonekana kabisa kati ya hizo, kaulize kwa nini.

Na mimi nikaongeza langu, maana barabara zetu nazijua. Kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa Juni 2025, tulikuwa tunasubiri kivuko pale Kigongo, na foleni ikiwa ndefu injini inaunguruma, unasogea kidogo, unasimama, unasogea tena. Mkanda unazunguka muda wote huo na namba ya kilomita haiongezeki. Fundi aliitikia kwa kichwa akasema hilo ni kweli, na kwa daladala za mjini zinazonguruma vituoni ni hivyohivyo. Sasa tunavuka kwa dakika chache, nashukuru sana kwa daraja lile, lakini mkanda wangu ulikuwa umeshakula saa zake za kivukoni.

Tukaenda kwenye spea. Fundi alimtuma kijana wake aongozane na mimi mjini badala ya kuniletea kitu kilichokwisha fungwa kwenye mfuko. Tulichukua mkanda wa kampuni ya Bando, uliofungashwa Japani. Maduka mengine walinionyesha boksi lenye jina la Toyota kwa bei ya chini mno, na kijana akanikonyeza tuondoke: maandishi kwenye mkanda yalikuwa yanafutika kwa kidole. Tulinunua pia tenshona, kile kifaa kinachoukaza mkanda, na beringi yake, ya kampuni ya Koyo. Hapo kuna watu wanabana pesa, wanabadilisha mkanda wanaacha beringi ya zamani. Beringi ikikwama au kuvunjika, mkanda mpya unakwenda nayo, na hasara ni ileile.

Kazi yenyewe niliitazama tangu mwanzo. Alitoa siti, feni na kava lake, mikanda ya nje, kisha akafika kwenye puli ya kranki. Nimeshaona gereji wanaigonga puli hii kwa nyundo mpaka itoke. Yeye alifunga pula, kifaa cha kuvutia puli, akaivuta taratibu, ikatoka bila kovu. Kabla ya kufungua mkanda wa zamani alizungusha injini mpaka alama zote zikakaa mahali pake, ya kranki, ya kemshafti, ya pampu ya nozeli, akapiga picha kwa simu, na juu ya hapo akaweka alama zake mwenyewe kwa chaki nyeupe. Kijana mmoja akataka kuizungusha kranki mkanda ukiwa umeshatoka. Alimshika mkono: "Usiguse hapo, mwanangu. Ukizungusha sasa hivi umeshapinda valvu ya mtu."

Mkanda wa zamani aliniwekea mkononi. Mgongo wake, nawaambia, ulikuwa mzuri. Ukitazama kwa juu ungesema utafika Dar na kurudi. Aliukunja mbele yangu, na kwenye mashina ya meno zikafunguka nyufa nyembamba, nyingi. Ukingo mmoja ulikuwa umevimba na unateleza. "Hii ni oili," akasema, akamulika chini. Sili ya mbele ya kranki, ile pete ya kuzuia oili isitoke, ilikuwa inavuja kidogokidogo nyuma ya kava, oili inapakwa kwenye mpira kila siku, na oili ni sumu ya mpira wa namna hii.

Fundi mwenye haraka angefunga mkanda mpya juu ya uvujaji uleule, na kwa wiki chache nisingejua tofauti. Huyu alisimamisha kazi. Alisema anataka sili tatu: ya kranki, ya kemshafti na ya pampu, kwa kuwa zote ziko nyuma ya kava hilohilo na kurudi kufungua tena ni gharama ya ufundi mara mbili. Ilikuwa jioni, duka lenye sili nzuri limeshafungwa, gari likalala pale. Nilikuwa na mzigo wa Magu asubuhi, nikakodi gari jingine. Ilinigharimu, na bado naona aliamua sawasawa.

Asubuhi alifunga sili, akapangusa kila tone la oili, akavalisha mkanda akifuata mshale wa mwelekeo, bila kuubana kwa bisibisi wala kuukunjakunja. Akaachia springi ya tenshona ivute yenyewe. Alinieleza kwamba mkanda ukilegea utaruka meno, ukikazwa kupita kiasi unalia na unaziumiza beringi za tenshona na pampu, kwa hiyo springi ndiyo ipime, mkono wa fundi usiingize nguvu zake.

Kisha kikaja kile kilichoniandikisha maneno haya yote. Alifungua gloo plagi zote nne, zile za kupasha moto injini wakati wa kuwasha, ili pumzi itoke, akaweka spana ndefu kwenye bolti ya kranki, akaizungusha injini kwa mkono, polepole, kranki mzunguko mmoja, halafu wa pili. Baada ya wa kwanza alama ya kemshafti ilikuwa upande wa chini, na ndivyo inavyotakiwa. Baada ya wa pili alama zote zikarudi kukutana. Akarudia tena. Kama valvu ingegusa pistoni, mkono ungesikia ugumu na angesimama hapo hapo, hakuna kilichopinda. Stata haisikii. Ukiufunga mkanda vibaya ukapiga ufunguo, stata inaizungusha injini kwa nguvu zake zote na madhara yanatokea ndani ya sekunde moja. Mafundi wengi wanajua hatua hii na wanairuka kwa sababu inachukua muda na mteja haioni. Nilimuuliza kama huwa anaifanya hata mwenye gari asipokuwepo. Alinijibu huku anafunga gloo plagi: "Mayu, injini hainijui kama upo."

Ilipowashwa iliunguruma ikatulia. Moshi wa asubuhi niliouzoea ulipungua. Fundi alisema mkanda wa zamani ulikuwa umelegea na pampu ilikuwa inapiga kwa kuchelewa kidogo. Juu ya kilima cha kuelekea Nyegezi, ambapo nikiwa na mzigo dereva alikuwa anarudi gia ya pili mapema, sasa anachelewa kuirudia. Sikutarajia hilo na sikuahidiwa.

Bei niliyolipa: mkanda 90,000, tenshona na beringi 75,000, sili tatu 40,000, ufundi 120,000. Jumla 325,000. Ufundi ni juu kidogo kuliko nilivyotajiwa kwingine, na sina malalamiko nao hata kidogo. Alinirudishia vyote vya zamani kwenye mfuko, na kwenye kava akaandika kwa kalamu ya rangi tarehe na kilomita, kwa Kiswahili, pembeni ya kile kibandiko cha Mjapani. Nilimwomba anakilie pia kwenye daftari langu, akafanya hivyo na kuweka sahihi.

Yasiyoridhisha nayasema pia. Hakuna mahali pa kukaa mteja. Nilikaa kwenye siti yangu mwenyewe iliyotolewa garini, mpaka mvua ilipoanza tukajibana chini ya bati pamoja na injini ya mtu iliyofumuliwa. Uwanja ukilowa ni tope tupu, na gereji inayofungua injini mahali penye tope inatakiwa kuwa na sakafu, hata ya futi kumi tu. Waliutandika turubai na kufunika sehemu iliyo wazi, lakini saruji ingewafaa zaidi. Toki renchi, ile spana ya kupimia nguvu ya kukaza, wanayo moja na gereji zima wanaigombea; tulisubiri kwa muda mrefu irudi kutoka kwenye Prado ya jirani ili bolti ya kranki ikazwe. Nafurahi walisubiri, ila wanunue ya pili. Na risiti ni ya kuandika kwa mkono kwenye karatasi ya kawaida, kwa hiyo kama gari ni la kampuni na unahitaji risiti ya EFD, zungumza nao kabla.

Wenye magari madogo msitishike wote. IST, Vitz, Probox na Succeed za injini ya 1NZ au 2NZ, hizo zina cheni ndani; zenu angalieni oili tu, ibadilishwe kwa wakati, cheni itawalea. RAV4 ya kwanza na Noah ya kwanza zenye 3S, Corolla 110 yenye 5A, hizo ni mkanda. Kwa 3S ukikatika kwa kawaida valvu hazigongani na pistoni, unakwama tu barabarani, lakini kwenye injini hiyo mkanda huohuo unazungusha wota pampu, kwa hiyo badilisheni pampu wakati kava liko wazi. Prado na Surf za 1KZ, Land Cruiser za 1HZ, na Hiace mpya za 1KD ni mkanda na ni dizeli, ziko kundi moja na yangu. Muulize fundi wako injini yako ni ipi kabla hujanunua chochote, namba imepigwa kwenye injini yenyewe.

Mkienda Nyakato, nendeni katikati ya wiki na mfike asubuhi na mapema. Jumamosi daladala zinajaa na fundi mkuu anagawanyika kwenye magari mengi. Kazi hii nataka aifanye yeye, vijana wake wanajifunza vizuri lakini bado. Ulizia sili kabla ya jioni. Na waambie mapema kwamba utakuwepo wakati wa kuzungusha injini kwa mkono, watakuita.